Dogo kang'oa Python, kaondoka na nyumba nzima

Jana mchana nimekaa zangu stesheneri hapa Mtwara mjini, jua kali, dogo mmoja wa chuo kaingia na laptop kaikumbatia kama kabeba mgonjwa. "Shikamoo kaka, naomba uniangalizie, inawaka ila haina kitu." Kweli haina kitu, skrini nyeusi na maandishi meupe tu. Kumbe alitaka toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu, akaona aiondoe kwanza ya zamani. Kwenye Ubuntu, Linux ambayo desktop yake yenyewe inaitegemea hiyo Python! Na yale majina kibao ya vitakavyong'oka nayo, yaliyoshuka kabla hujaulizwa Y au n? "Sikuyasoma kaka, niliweka tu Y."

Nikamfokea wee, halafu hasira zikahamia kwa waliopanga mambo hivyo. Dogo kaondoa programu, basi, kosa lake nini? Linux nyingi kila kitu ni kifurushi (sio cha bando), keneli (kiini cha mfumo) kifurushi, desktop kifurushi, gemu la karata kifurushi, karibu vyote vimerundikwa pamoja kwenye folda la /usr na amri ile ile ndo inaviondoa.

Mimi nimepanga nyumba tatu tofauti hapa mjini na sijawahi kuhama nikabeba boriti. Nabeba godoro langu, jiko, ndoo, naacha nyumba imesimama. FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta ambao sio Linux, ndo wanavyoishi hivyo, keneli na zana za msingi wanatengeneza watu wale wale na zinatoka pamoja, zinakaa /bin na /usr/bin, ulivyoongeza wewe vinaenda /usr/local, mpaka setingi zake ziko /usr/local/etc. Python haimo kabisa kwenye msingi, na Perl, lugha nyingine ya programu iliyokuwemo, waliitoa tangu toleo la 5. Kuna siku kwenye kidesktop changu kibovu chenye FreeBSD niliandika pkg delete -a (pkg ndo amri yake ya vifurushi) makusudi, vikafutika vyote nilivyoweka, nikazima nikawasha, mashine hiyo hapo inaniuliza jina na neno la siri kama hakijatokea kitu.

Haya, Debian 12 ya 2023 (Linux nyingine) angalau pip, kile kiwekaji cha vitu vya Python, inagoma kuchezea Python ya mfumo. Na kwenye Linux amri moja kusasisha kila kitu ni raha, sikatai, nitafanyaje. Android nayo imefungia msingi wake mahali pasipoandikika, ila humo humo wauza simu wanatujazia takataka zao.

Kilichonimaliza ni FreeBSD 15 ya Desemba 2025, na wenyewe wanakuruhusu wakati wa kuinstall uchague msingi uje kama vifurushi vya pkg. Nimesoma mara mbili. Jamani, hata nyie?

Bahati ya dogo /home, folda la mafaili yake, ilikuwa salama, ripoti yake ya fildi ya korosho Tandahimba tuliikuta nzima. Kurudisha desktop sasa, bando lake lilibaki MB 40. Nikachomeka simu yangu kwa waya, likanywewa langu lote la wiki, dogo akasema ahsante kaka akaondoka, hata ya soda hakuacha.