Nusu Moja, Wenyewe Kibao

Jamani, mzazi siku hizi ukishalipa ada, ukanunua madaftari, ukaweka umeme, bado unadaiwa pembe. Binti yangu wa kidato cha nne kaniwekea daftari pembeni ya ugali: "Baba, pembe gani saini yake, ile 'sine' ya hesabu, ni 0.5?" Nikachukua simu, kikokotoo kikasema 30. Nikaitamka kwa sauti ya baba mwenye nyumba. "Na 150 je, baba?"

Kumbe kikokotoo ni konda tu! Kinakupa 30, ile 150 kinabaki nayo mfukoni mpaka uidai. Na kuidai lazima ujue kutoa 30 kwenye 180. Sasa ningekuwa najua, ningekiuliza cha nini?

Akachora duara, nusu kipenyo chake 1. Saini ni kimo, anasema: simama nyuzi 30 kulia au 150 kushoto, kimo ni kilekile. Haya, nimeelewa, tule. "Ukizunguka tena kuna 390 na 510." Halafu? "Unaongeza 360 kila mara." Mpaka lini? "Haina mwisho, baba." Mama yake ananiangalia mimi, utadhani ndiye niliyezunguka. Kwenye duara la kwanza, juu huko, 90 peke yake ndiyo yenye heshima: ukiitoa kwenye 180 inarudi 90.

Lililoniuma hasa ni la viwanja. Pembetatu ina pembe ya nyuzi 30, upande unaoitazama mita 50, upande mwingine mita 80. Kanuni ya saini (kila upande ukiugawa kwa saini ya pembe inayoutazama, jibu ni lilelile) inakupa 0.8 kwa pembe inayoutazama ule wa 80, nayo ina wenyewe wawili: 53.13 na 126.87. Wote wanakubalika! Vipimo vilevile, kiwanja kimoja mita za mraba 1,986, kingine 786. Hizo 1,200 zinazopotea zinatosha nyumba, choo, banda la kuku na ugomvi wa mirathi. Dalali wa kwetu atakutembeza kwenye kikubwa, akuandikie kidogo, na hajadanganya kipimo hata kimoja.

Upande ule wa 50 ungekuwa mita 100, kiwanja kingekuwa kimoja tu, maana pembe ya pili ingekuwa 156.42, jumlisha 30, umeshapita 180, inatupwa. Sasa mimi na hizi zangu 50 nifanyeje? "Mwambie dalali akupimie na pembe nyingine, baba."

Aipime na nini? Yule hata futi hana. Anapima kwa hatua, na siku ya kuuza hatua zake huwa fupi, utafikiri kavaa kanga.