Binti Yetu na Timu ya Jimnastiki

Hapa Minnesota, Marekani, tunakoishi, mtoto akionekana mwepesi wa mwili na asiyeogopa kupinduka, kocha humfuata mzazi mapema sana. Binti yetu ana miaka sita tu, na tumeshakabidhiwa fomu ya kumwingiza katika timu ya mashindano: mazoezi jioni tatu kwa wiki na Jumamosi asubuhi, ada ya mwezi, ada ya mashindano, sare, na sharti la kutokosa mazoezi isipokuwa kwa ugonjwa. Msimamo wangu ni kwamba asiingie sasa, na sehemu kubwa ya sababu zangu imetoka Moshi nilikokulia.

Kule Pasua, mtaa wa Moshi, tulijifunza sarakasi juu ya chungu za maganda ya mpunga nyuma ya mashine za kukoboa, wakubwa wakiwashika wadogo kiuno mpaka wazoee, na vumbi la maganda likituwasha shingoni hadi usiku. Hakuna aliyetupa alama, wala aliyeuliza mchezo huo utatufikisha wapi. Sidai kwamba mambo yote yalikuwa mazuri, kwa maana hapakuwa na godoro wala mwalimu wa kumwelekeza mtoto jinsi ya kutua, na mwenye kipaji cha kweli alikua nacho kikaishia pale pale kwenye maganda. Shuleni nako nafasi ya kuonyesha viungo ilikuwa halaiki, ambayo ina ukali wake, kwani mtoto husimamishwa juani bila kuulizwa kama anapenda.

Kwa hiyo vifaa na ujuzi wa huku ninavisifu bila kinyongo. Boriti ya mashindano, yaani ule mhimili mwembamba ambao mchezaji hutembea na kupinduka juu yake, ina upana wa sentimita 10 na huinuliwa sentimita 125 kutoka chini, lakini mwanafunzi mdogo huanzia kwenye ile iliyolazwa sakafuni, na hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuruka. Yote hayo binti yetu anayapata katika darasa la kawaida, mara moja kwa wiki.

Wanaotetea timu husema kwamba jimnastiki haisubiri. Hoja yao ina mizizi: Nadia Comaneci wa Romania alikuwa na miaka 14 alipopata alama 10 kamili kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na bingwa wa Marekani Simone Biles mwenyewe aliuanza mchezo akiwa na miaka sita. Lakini tangu mwaka 1997 msichana haruhusiwi kushindana na wakubwa kimataifa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16, na Biles huyo huyo alitwaa dhahabu kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 27. Kuanza kucheza ni jambo moja, na kufungwa na ratiba ya timu ni jambo jingine. Isitoshe, vifundo vya mikono vya mtoto ambaye mifupa yake bado inakua hubeba uzito wa mwili mzima katika mchezo huu, na mgongo wa chini hukunjwa nyuma mara nyingi mno, ndiyo maana wingi wa saa unanitia hofu kuliko mchezo wenyewe.

Liko pia suala la Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya Marekani aliyehukumiwa mwaka 2018 kwa kuwadhalilisha wasichana kingono, wakati mwingine mzazi akiwa chumba hicho hicho. Tangu hapo siwezi kumwachia mtu mtoto wangu kwa sababu tu ana medali ukutani.

Hata hivyo, lililonikatisha shauri ni Desemba. Sisi Wachaga tunajulikana kwa kurudi nyumbani mwezi huo, na timu inautaka mwezi huo huo kwa maandalizi ya msimu. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni anapata majuma machache tu ya kukaa na bibi yake, kulala chumba kimoja na binamu zake na kusikia Kichaga kikisemwa na watu wazima wasiomtafsiria. Mke wangu anaona tungeomba ruhusa. Mimi naona ruhusa ya kwenda kwa bibi haiombwi kwa kocha. Tumekubaliana aendelee na darasa lake la kila wiki hadi afikishe miaka tisa, kisha aulizwe yeye mwenyewe, na tiketi za Desemba tumeshazilipia.