Nimefukuzwa Bustanini na Asiyejua Kuruka

Jamani, hii bustani ni yangu au si yangu? Maana leo hata bombani siwezi kufika. Kuna kinda la ndege amekaa chini ya kichaka, ananikodolea macho kama mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi.

Mwenyewe hata mkia hana, ana kijikia tu kilichoishia njiani, na pembe za mdomo njano tupu. Kuruka hajui. Anadundadunda kidogo, anachoka, anakaa. Nikisogea hakimbii, analia "pii!", na hapo ndipo mama mtu anaposhuka kutoka juu na kunipitia kichwani. Mimi nimeshika kopo la kumwagilia, sina hata manati, lakini natukanwa kwa lugha ambayo namshukuru Mungu siielewi.

Washauri sasa! Mke wangu anasema tumwingize ndani, maskini yatima. Yatima gani? Si huyo mamaye ndiye anayenitoa mbio? Makinda ndivyo walivyo: wakishaota manyoya hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka vizuri, wanamalizia masomo huku chini siku kadhaa, wazazi wanawaletea chakula hapo hapo. Angekuwa uchi, macho hayajafumbuka, hapo sawa, ningemrudisha kiotani. Huyu ana koti lake kamili.

Jirani naye, juu ya ukuta: "Usimguse! Mama akisikia harufu ya mtu anamsusa." Nani kamwambia? Ndege wengi hawa wa bustanini hawaishi kwa pua, na hawaachi mtoto kwa sababu ya kuguswa. Kama harufu ingekuwa sababu ya kususa watoto, wanangu wangeshasuswa siku nyingi, kila wakirudi kutoka mpirani.

Mdogo wao ndiye huyo anakuja na mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Maziwa! Baba, umeona ndege gani ananyonya? Tumbo lake halikuumbiwa maziwa, utamharisha bure. Dada yake yuko nyuma na kijiko cha maji. Tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi. Ukimmiminia unamzamisha akiwa nchi kavu. Nimenyang'anya kijiko, sasa mimi ndiye baba mkatili.

Paka nimemfungia ndani. Hilo ndilo la maana kuliko ushauri wote, lakini analia mlangoni mpaka nasikia haya. Basi tumebanana dirishani, mimi na paka, tunatazama mtu mwingine akila viwavi. Na analishwa huyo! Tangu alfajiri mpaka giza linaingia, baba anakuja, mama anakuja, yeye kazi yake kupanua mdomo. Mimi nilipokuwa mdogo niliambiwa chakula kiko jikoni, jipakulie, na sufuria uoshe.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Makinda wa namna hii wakiwa kiotani wana ustaarabu wa ajabu: kinyesi kinatoka kimefungwa kwenye kifuko chake, mzazi anakibeba kwa mdomo na kwenda kukitupa mbali. Usafi mtupu! Lakini huyu ameshatoka kiotani, huduma imesitishwa, na mahali alipoona panamfaa ni kiti changu cha kupumzikia. Nafasi yote hii, majani yote haya, kiti changu.

Majani yenyewe yamefika magotini. Mke wangu anauliza nitafyeka lini, huyo huyo aliyetaka kinda alale sebuleni.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikaona kapata nguvu, karukia tawi la chini, la pili, kisha huyoo, kavuka ukuta kwenda kwa jirani. Nikasema ahsante, dunia ina haki! Nikabeba fyekeo, nikakunja suruali, nikafyeka mara moja.

"Pii!"

Kumbe ana mdogo wake.