Sinema za Mtaani kwa Jina la Kukodi

Wazo la kuvigeuza vibanda vya video vya Kampala, Jinja na Arua kuwa kumbi ndogo zenye jina moja, ambapo mwenye jina huuza haki ya kulitumia na mkazi wa mtaa hutoa mtaji, lina mvuto wa kweli. Mzazi wa Kawempe anastahili ukumbi safi ulio karibu na nyumbani, bila kulazimika kupanda teksi na watoto hadi sinema ya Acacia Mall, jumba la maduka la Kampala. Hata hivyo, wazo hilo lilikwisha kujaribiwa Marekani, na anguko lake linatuhusu.

Mwaka 1969 mchekeshaji Jerry Lewis alishirikiana na kampuni ya Network Cinema Corporation kuanzisha kumbi zilizobeba jina lake. Mtu alilipa dola 10,000 au 15,000, kutegemea eneo, akapewa haki ya kuendesha ukumbi. Aliyelipa dola 50,000 alikabidhiwa eneo zima, awe na kumbi zake na pia awauzie wengine haki hiyohiyo. Kumbi zilikuwa ndogo, mitambo iliendeshwa na watu wachache, na filamu zilipaswa kuwa zile ambazo familia nzima ingeweza kuzitazama pamoja. Baadaye kampuni ilifilisika, na mwaka 1980 Lewis mwenyewe pia.

Watetezi wa mfumo huu husema kwamba kosa lilikuwa katika filamu, wala si katika muundo. Wana hoja nzito. Kumbi hizo zilipata filamu zilizokwisha kuonyeshwa kwingine, tena katika miaka ambayo Hollywood ilikuwa ikigeukia hadithi za watu wazima, hivyo mwenye ukumbi alifungwa na sharti ambalo soko lilikuwa likilikimbia. Sharti lilipolegezwa baadaye, halikutosha kuziokoa.

Kwangu mimi, kasoro ya ndani zaidi ilikuwa katika mgawanyo wa hatari. Kampuni ilipokea ada kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, lakini aliyebaki na viti vitupu ni yule aliyeweka akiba yake. Mwenye jina anapoweza kufaidika kwa kuuza haki nyingi, idadi ya kumbi huongezeka haraka kuliko uwezo wa kuzihudumia.

Hapa ndipo vibanda vyetu vinapowashinda Wamarekani wale. Mwenye kibanda huijua hadhira yake: jioni ya mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza haonyeshi filamu, na siku nyingine huchagua filamu iliyotafsiriwa na VJ, yaani msimulizi anayeweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji, ambaye wateja wake wanampenda. Ofisi moja ya Kampala ikipanga ratiba ya nchi nzima, itampelekea mtazamaji wa Arua, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, masimulizi ya Kiganda asiyoyahitaji.

Lakini nisivisifu vibanda kupita kiasi. Uhuru wao umesimama, kwa sehemu kubwa, juu ya filamu ambazo hazikulipiwa, ingawa Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Mwenye kibanda kimoja Katwe hana nguvu ya kujadiliana na msambazaji wa filamu. Hata akitaka kulipa, hajui aanzie wapi. Watengenezaji wa filamu wa hapa nchini, wakiwemo wale wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, walioifanya studio yao ya Wakaliwood ijulikane hadi ng'ambo, wangenufaika sana kama kungekuwa na kumbi nyingi zinazohesabu tiketi kwa uwazi na kuwalipa sehemu yao. Faida hiyo haipatikani bila umoja wa namna fulani.

Kwa hiyo ningeunga mkono mtandao wa aina hii kwa masharti mawili yasiyojadiliwa. Mwenye jina alipwe kutokana na tiketi zilizouzwa, si kwa ada nzito ya kuingilia, ili ukumbi ukikaa mtupu naye aumie. Na kazi yake iwe kununua haki za filamu kwa niaba ya wote, huku uchaguzi wa filamu, lugha ya masimulizi na siku za mpira ukibaki mikononi mwa mwenye ukumbi. Mwekezaji atakayeyakataa masharti hayo anyimwe akiba za watu wa mitaani.