Siku Niliyomsingizia Rottweiler Wangu

Mbwa wangu anaitwa Radi. Jina hilo nilimpa akiwa na wiki nane, kabla sijajua kwamba kitu anachokiogopa kuliko vyote duniani ni radi. Wingu likinguruma tu, huyo uvunguni mwa kitanda. Alipokuwa mtoto uvungu ulimtosha. Sasa ana kilo 47, na akiingia, kitanda kinanyanyuka nami nikiwa juu yake. Nimeshazoea. Usiku wa mvua nalala mteremkoni.

Lakini hayo ni ya ndani. Huko nje Radi ni Rottweiler: kichwa kama tofali, kifua kipana, mweusi tii, na juu ya macho ana yale madoa mawili ya kahawia yanayokufanya udhani ana macho manne na yote yanakutazama wewe. Watu wakituona wanahamia upande wa pili wa barabara. Mtu akiniuliza, "Anauma?" mimi natabasamu na kuangalia pembeni, kama mtu aliyeulizwa ana mali kiasi gani. Na getini nimetundika kibao cha bati: MBWA MKALI. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, rangi nyekundu, nikapaka mara mbili ili isichuje.

Sasa siku hiyo nilimpeleka kwa daktari wa mifugo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, ile ya kila mwaka. Mlangoni kulikuwa na tangazo: mbwa wakubwa wote wavalishwe kikapu cha mdomoni. Nikamvalisha. Wadogo hawakutajwa. Naomba ukumbuke hilo la kikapu, maana mimi mwenyewe nilikuja kulisahau, na likaniponza.

Hakuna mahali binadamu anapojisifu kwa raha kama kwenye foleni ya daktari wa mifugo, kwa sababu anayesifiwa hawezi kukanusha. Tulikuwa watano. Bwana mmoja alikuwa na Doberman, akaanza yeye. "Huyu," akasema, "chimbuko lake ni mtoza kodi. Bwana Dobermann, mji wa Apolda, Ujerumani, karne ya 19. Alitaka mbwa wa kufuatana naye akienda kudai kodi." Tukanyamaza kwa heshima. Yule Doberman mwenyewe muda wote huo alikuwa ameukazia macho mzani wa kupimia uzito, anatetemeka kama anayedaiwa yeye.

Dada mwenye Labrador akasema wake hana historia ya vita, ana historia ya soksi tu. Kameza tatu mwaka huu, mbili zimepatikana. Kisha akatuambia jambo ambalo sikulitegemea: kwamba asili ya Labrador si Labrador, ni kisiwa cha Newfoundland, kule Kanada, ambako mababu zake walikuwa wakiwasaidia wavuvi kuvuta nyavu na kuokota samaki walioponyoka. "Ndiyo maana kila kitu anakiokota kwa mdomo," akasema. "Yuko kazini."

Pembeni alikaa kijana na mbwa mwekundu mwekundu, masikio moja juu moja chini. Bwana wa Doberman akamuuliza, "Na huyo ni aina gani?"

"Mbwa," akajibu kijana.

Zamu yangu ikafika. Jamani, nilitamba. Niliwapeleka mpaka mji wa Rottweil, Ujerumani, kwa wachinjaji, nikawaonyesha mababu wa Radi wakiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Nikawaambia inasimuliwa kwamba mchinjaji akishauza mifugo alifunga mfuko wa fedha shingoni mwa mbwa wake akatembea nao salama hadi nyumbani, maana mwizi gani angethubutu kuingiza mkono pale? Hapo nikampiga Radi kofi la upendo mgongoni. Akashtuka.

Kwenye kiti cha mwisho alikaa mama mmoja mtu mzima, mkoba mapajani, kimya. Nikamgeukia kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kushinda. "Na wewe, mama? Umekuja na paka?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja na Asali." Akafungua zipu kidogo. Kikatokeza kichwa kisichozidi ngumi ya mtoto, macho yamejaa kichwa kizima. "Chihuahua. Kilo mbili na nusu."

Nikacheka. Sikucheka sana, lakini nilicheka. Mkoba ukanguruma.

Niliyoyaona baada ya hapo nayaeleza kwa mpangilio, ingawa yenyewe hayakuja kwa mpangilio. Radi aliusikia ule mngurumo. Akautazama mkoba. Akanitazama mimi. Kisha kilo 47 za historia ya Ujerumani zikapanda mapajani kwangu, miguu yote minne, kikapu kikinigonga kidevu, akauficha uso wake kwapani mwangu. Kiti kilikuwa cha plastiki. Nilihisi miguu yake ikipanuka taratibu, kama ya ndama anayejaribu kusimama kwa mara ya kwanza, halafu ikakata tamaa kwa pamoja. Tukaenda chini. Katika kutafuta pa kushika, nilishika mkoba.

Asali alitoka mkobani kama aliyekuwa akiisubiri siku hiyo maisha yake yote. Radi alikuwa mbele yake, amelala chali, tumbo lote wazi. Hakumjali. Alimruka. Alinifuata mimi, akanipata kwenye shavu la mguu, akauma, na hakuachia. Nikasimama, naye akapanda na mguu, ananing'inia kwenye suruali huku ananguruma kwa pua. Ilibidi mama yake aje amtoe kwa kumtekenya.

"Hapendi kuchekwa," akaniambia.

Daktari akanipeleka bombani. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, hakuna mjadala. Ndivyo jeraha la mbwa linavyooshwa. Dakika 15 ni nyingi mno ukiwa umekunja suruali mbele ya bwana wa Doberman. Nilipochungulia nikaona matundu manne, kila moja kama ncha ya kalamu, yamepangana vizuri kabisa, yangeweza kufungwa kitufe.

Daktari alijaribu kunifariji. Akaniambia mwaka 2022 kulitoka utafiti mkubwa wa mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Nikamtazama Radi, amejibanza nyuma ya kijana mwenye Mbwa.

"Daktari," nikasema, "mimi sidai nyingi. Hizo tisa zangu ziko wapi?"

Akacheka, kisha akawa mtu wa kazi. Asali alikuwa na cheti cha chanjo, lakini akasema niende hospitali hata hivyo, kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kubahatisha. Nikamrudisha Radi nyumbani, nikaenda.

Na hapa ndipo nilipojiharibia.

Kule nilikuta foleni ndefu na dirisha dogo, nesi yuko ndani, na swali linaloulizwa ndani linasikika mpaka getini. "Umeumwa na mbwa? Mbwa gani?" Vichwa kumi na zaidi vikageuka. Nilikuwa na nia ya kusema kweli, naapa. Lakini mdomo una akili yake.

"Rottweiler," nikasema.

Foleni ikaguna. Mzee mmoja akasogea akanipisha kiti chake. "Pole sana, mwanangu. Mkubwa?"

"Kilo 47, mzee."

"Na umetembea mwenyewe kuja huku?"

Nikatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona mengi. Nakiri kwamba ilikuwa raha. Kwa dakika tatu hivi nilikuwa shujaa.

Nesi akaanza kujaza fomu. Mbwa ni wa nani? Wangu. Amechanjwa? Ndiyo. Akaniambia mbwa huyo inabidi afungiwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, basi hakuwa na virusi vya kichaa mateni siku aliyoniuma. Angewapigia watu wa mifugo waje wamwone. Nikamfikiria Radi, siku 10 kifungoni kwa kosa la Asali, mvua ikinyesha, hana uvungu. Moyo ukaniuma kidogo. Nikanyamaza, kwa aibu yangu mwenyewe.

"Nionyeshe jeraha."

Nikakunja suruali. Nesi akainama. Akavaa miwani. Akainama tena.

"Kaka, kilo ngapi ulisema?"

"47."

"Mbona mdomo wake una upana wa kijiko cha chai?"

Ukweli ni kwamba Chihuahua na Rottweiler, kwa hesabu ya kitabuni, wana meno sawa, 42 kwa 42. Tofauti ni nafasi ya kuyapanga. Lakini hilo sikuliwaza pale. Nilichowaza ni kutafuta maelezo ya haraka, na yaliyonijia ndiyo haya: "Hakuuma kwa nguvu zote. Alikuwa amevaa kikapu cha mdomoni."

Nesi akaweka kalamu chini.

"Alikuuma akiwa na kikapu mdomoni."

Foleni ilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia dripu ikidondoka. Yule mzee aliyenipisha kiti akaanza kukitazama kiti chake. Nikasogea dirishani kabisa, nikaingiza uso ndani, nikanong'ona.

"Nini? Sikusikii."

"Chihuahua."

"Chi nini?"

"Chihuahua, sista. Mbwa mdogo. Wa mkobani."

Akakata neno Rottweiler kwa mistari miwili iliyonyooka, kwa rula. Akaanza kuandika. Akasita. Akajaribu tena. Kisha akageukia chumba cha ndani, akapaza sauti ambayo naamini waliokuwa wodini waliisikia: "Jamani, Chihuahua inaandikwaje?"

Zikaanza kutajwa herufi. Foleni nzima ilishiriki. Mzee akadai kiti chake.

Nikachomwa siku ile, nikaambiwa nirudi siku ya 3 na siku ya 7. Kila nikirudi, nesi yuleyule, dirisha lilelile, kabla hata sijasalimia: "Rottweiler hajambo?"

Kumbe shughuli yenyewe ilikuwa Asali. Ndiye aliyetakiwa kuangaliwa siku 10, kwa hiyo mimi, ambaye nilikuwa namchukia kwa moyo wote, nikawa mtu pekee duniani, ukiacha mama yake, anayeomba usiku na mchana awe na afya njema. Mama alikuwa mwaminifu, ananitumia ujumbe kila jioni. Siku ya 2: "Asali mzima, mwanangu." Siku ya 3: "Mzima. Kamuuma fundi bomba." Siku ya 4: "Mzima. Fundi alirudi kuchukua vifaa vyake, kamuuma tena."

Siku ya 5 akaandika: "Leo kagoma kula."

Nilipiga simu mikono ikitetemeka. Kugoma kula ndilo hasa nililokuwa naliogopa. Mama akapokea, nikasikia Asali akibweka nyuma yake kama cherehani.

"Shikamoo mama, Asali anaendeleaje? Amegoma kula?"

"Marahaba. Ameshiba, mwanangu. Kaiba cha jirani."

Usiku huo sikupata usingizi, nikaanza kusoma habari za Chihuahua kama mtu anayemchunguza mkwe. Nikakuta kwamba mwaka 2008 watafiti walilinganisha ukali wa aina mbalimbali za mbwa kwa kuwauliza wenye mbwa wenyewe, na miongoni mwa waliozidi wastani kwa ukali, kwa binadamu na kwa mbwa wenzao pia, walikuwemo Chihuahua na yule mrefu wa miguu mifupi, Dachshund. Nikamsomea Radi kwa sauti. Akasikia tu jina la Chihuahua, hata sijamaliza sentensi, kitanda kikapanda.

Siku ya 10 jioni geti likagongwa. Nikafungua, ni mama, mkoba begani, kichwa cha Asali kimetokeza, mzima kuliko mimi. "Nimeona nikuletee umwone kwa macho yako, ili roho itulie," akasema. Nikashukuru kwa dhati, nikiwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye mkoba. Asali akavuta hewa mara moja. Huko nyuma nikasikia pipa la maji likianguka, kisha mkia mweusi ukapotea nyuma ya choo cha nje.

Mama akatazama mkia ulikopotelea. Akanitazama mimi. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akainua macho getini, akasoma taratibu, herufi moja moja, akapitisha kidole kwenye rangi nyekundu.

"Kibao kizuri hiki," akasema. "Kama hukitumii, mwanangu, naomba nikatundike kwangu."