Wanalipwa ila hawajaajiriwa: mpira wa vyuo Marekani unaelekea wapi?

Naishi Columbus, Ohio, kama dakika 15 kwa mguu toka uwanja wa chuo cha Ohio State, na Jumamosi ya mechi mtaa wetu haupitiki. Bibi jirani yangu anaamka mapema, anatoa gari lake analipeleka kwa mwanae, halafu anaweka kiti cha plastiki barabarani na kipande cha boksi kimeandikwa kwa makapeni "$40", watu wanapaki kwenye majani yake mpaka karibu na mlango. Magari 12 yanaingia pale, nimeshayahesabu. Mbele kidogo kuna jamaa anauza maji, mwingine jezi feki, polisi wako ovataimu, na uwanjani watu zaidi ya laki moja wameshalipa tiketi. Miaka nenda rudi kila mtu mtaani hapa alikuwa anaingiza chochote kwa sababu ya vijana wanaogongana kule ndani, isipokuwa hao vijana wenyewe.

Kwa asiyefuatilia, naongelea ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, tena sio NFL, ile ligi ya kulipwa, ni wa vyuo, wanafunzi kabisa. Kwetu timu ya chuo ni watu wa bonanza na jezi za kuazimana. Huku kocha wa chuo analipwa mara kadhaa ya mkuu wa chuo, na mwaka 2023 Texas A&M walimfukuza kocha wao Jimbo Fisher wakakubali kumlipa kama dola milioni 76 ili tu aondoke. Ila mchezaji, mpaka 2021, alitakiwa awe wa ridhaa, analipiwa ada, anapewa chumba na chakula, basi.

Na hilo jina "mwanafunzi mwanamichezo" halikuja tu hivihivi. Mwaka 1955 mchezaji anaitwa Ray Dennison alifariki huko Colorado baada ya kuumia kichwa uwanjani, mkewe akadai fidia kama mjane wa mtu aliyefia kazini, na 1957 mahakama ya juu ya jimbo ikamnyima, ikasema chuo hakifanyi biashara ya mpira. NCAA, ndo chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chini ya bosi wao Walter Byers wakawa wanalisukuma hilo jina kila mahali, maana ukishamwita mtu mwanafunzi hawezi kukudai kama mfanyakazi. Mzizi wa fitina ni hapo, na nitaurudia chini.

Hapa Columbus watu wana kidonda chao. Mwisho wa 2010 wachezaji watano wa Ohio State walifungiwa mechi tano kwa kuuza au kubadilishana pete za ubingwa na jezi, vitu vyao wenyewe, wapate hela na kuchorwa tatuu. Tatuu! Kocha Jim Tressel alijua akanyamaza, Mei 2011 akajiuzulu, na ushindi wa msimu mzima wa 2010 ukafutwa. Sasa ruka mpaka Januari 2025, Ohio State hao hao wanabeba ubingwa wa nchi na kikosi ambacho mkurugenzi wao wa michezo alisema kimegharimu kama dola milioni 20, kasema hadharani na hakuna aliyeshtuka.

Katikati hapo mahakama ndo zimefanya kazi. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipiga NCAA majaji 9 kwa 0 kwenye kesi ya Alston, iliyopinga ukomo wa marupurupu ya masomo kwa wachezaji, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo mchezaji akaruhusiwa kula hela ya jina na sura yake, matangazo, kusaini picha na kadhalika. Matajiri waliosoma kwenye hivyo vyuo wakaanza kuchangishana kuwalipa madogo, kwenye karatasi ni matangazo ila kila mtu anajua ni hela ya usajili. Mwaka huo huo sheria ya kukaa nje mwaka mzima ukihama ikalegezwa, na kufikia 2024 unahama kila mwaka ukitaka. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA: dola bilioni 2.8 za fidia kwa wanamichezo wa zamani, na chuo chenyewe sasa kinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, mwisho dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Je, ni jambo jema? Kwa upande wa haki mimi sina ubishi, hela ilikuwepo siku zote, kilichobadilika ni nani anaiona. Na ule uoga kwamba vigogo watanunua kila mtu ligi ife haujatokea kama ulivyohubiriwa. Angalia Indiana, timu iliyokuwa kwenye orodha ya waliofungwa mechi nyingi kuliko wote katika historia ya mpira huu, kaja kocha Curt Cignetti, kasajili watu toka vyuo vingine akiwemo kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi) Fernando Mendoza aliyetokea California, na Januari 2026 wamebeba ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Zamani hilo lisingewezekana, madogo wote wazuri walikuwa wanalundikana benchi kwa vigogo walewale.

Upande wa pili nao una hoja, sio wazee wa "enzi zetu" peke yao. Septemba 2024 kwotabeki wa UNLV, chuo cha Las Vegas, Matthew Sluka, timu imeshinda mechi zote tatu za mwanzo, akaaga akaondoka. Wakala wake akasema dogo aliahidiwa dola 100,000 hazikuja, chuo kikasema hakuna deni kama hilo. Nani mkweli? Huwezi kujua, kwa sababu ahadi inayodaiwa ilikuwa ya mdomo. Yaani biashara ya mabilioni inaendeshwa kama mtu anayekodi bodaboda, tutaelewana mbele ya safari. Halafu kuna masomo, mtu aliyepita vyuo vitatu ndani ya miaka minne sijui anamaliza digrii gani na lini, na wengi wao NFL hawafiki.

Ila kuna lalamiko moja huwa linanichekesha, kwamba wachezaji siku hizi hawana mapenzi na jezi. Jamani, mapenzi na jezi waliyaua vyuo wenyewe. Mwaka 2022 vyuo vya USC na UCLA vya Los Angeles walitangaza kuikimbia ligi yao ya Pac-12 kwa ajili ya hela ya televisheni, mwaka uliofuata wengine wakafuata, mpaka Stanford iliyoko California ikajiunga na ligi ya pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi. Vilibaki viwili tu yatima, Oregon State na Washington State. Chuo kinahama ligi ya miaka 100 kinaitwa mkakati, dogo wa miaka 20 akihama anaitwa msaliti.

Kinachoninyima usingizi mimi ni kingine, na ndo kinachotuhusu sisi. Hiyo Washington State iliyoachwa yatima ndo chuo ambacho Mkenya Henry Rono alikuwa anakiwakilisha kwenye riadha alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Suleiman Nyambui wetu, aliyechukua medali ya fedha ya mita 5000 Moscow 1980, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha El Paso, Texas. Mkenya mwingine, Edward Cheserek, kachukua mataji 17 ya NCAA akiwa chuo cha Oregon. Hakuna tiketi ya riadha iliyowasomesha hawa. Vyuo vikubwa vinaendesha michezo mingine kwa kutegemea hela ya mpira na kikapu, na sasa hela hiyo ina mwenyewe. Mgao ambao vyuo vingi vikubwa vimeupanga ni kama robo tatu kwa mpira wa Kimarekani, kikapu cha wanaume kinafuata, wengine wote wanagombania makombo. Cha kuchekesha zaidi, huyo Grant House ambaye kesi inaitwa kwa jina lake ni muogeleaji! Na michezo hii ilikuwa inaning'inia hata kabla, Stanford na utajiri wake wote 2020 ilitangaza kufuta michezo 11, ikarudi nyuma mwaka uliofuata baada ya kelele.

Mtu atasema basi wasilipwe, riadha ipone. Hapana, sikubali kwamba mtoto wa watu avunjike goti bure ili mkimbiaji wa kwetu apate ada. Hela ya kusomesha wakimbiaji ingetoka kwanza kwenye milioni 76 za kumfukuza kocha.

Sasa narudi kwenye ule mzizi. Vyuo vinataka kulipa ila havitaki kuitwa mwajiri, ndo maana hakuna mkataba wa pamoja, hakuna chama cha wachezaji, na kila kanuni ikitungwa inapelekwa mahakamani na inapigwa. NFL wana ukomo wa mishahara na hakuna anayeufuta, kwa sababu chama cha wachezaji kiliukubali mezani. Wachezaji wa chuo cha Northwestern walijaribu kuunda chama 2014, bodi ya serikali ya mambo ya kazi ikakataa kuingilia mwaka uliofuata. Vyuo vimekimbilia bungeni kuomba kinga, kuna muswada uliletwa 2025 ambao ungeizuia kabisa ajira. Mimi naona wanachelewesha tu, mwisho wake watakaa mezani na chama, na timu kubwa kama 40 hivi zitajitenga kimpira ziwe ligi ya kulipwa yenye majina ya vyuo.

Lakini hata hilo ninalolitaka lina mwiba kwetu. Mwanafunzi wa kigeni huku anakuja na viza ya F-1, viza ambayo inabana sana kufanya kazi, ndo maana hata leo Mkenya anakimbia timu moja na Mmarekani anayekula hela ya matangazo na yeye anaangalia tu. Siku wanamichezo wote wakiitwa waajiriwa, huyo wa F-1 atawekwa wapi? Wakitenganisha mpira na kikapu wawe waajiriwa, riadha ibaki masomo, anapona, ila inabidi mtu aikumbuke riadha wakati wa kuandika huo mkataba, na huko mezani mkimbiaji wetu hatakuwepo.

Nina mpwa wangu Mbulu anakimbia vizuri tu, na kocha wa huku ameshaanza kumtumia meseji. Zamani ningemwambia saini haraka kabla hawajabadili mawazo. Wiki iliyopita nimemwambia amuulize kocha vitu viwili kwanza: je, nafasi yake iko ndani ya idadi ya kikosi, maana siku hizi kila mchezo una ukomo wa watu, na je, ufadhili ni wa miaka minne au unaangaliwa upya kila mwaka, na ajibiwe kwa barua. La kwanza kajibiwa siku hiyo hiyo. La pili bado anasubiri.