Wanafunzi wahamishiwe shule nyingine wakati wa ukarabati? Tuulize pia kuhusu funguo za madarasa

Shule ikitangaza kwamba majengo yake yatakarabatiwa na wanafunzi watasomea kwa muda katika shule nyingine, wazazi hugawanyika siku hiyohiyo. Wapo wanaoshukuru kwamba watoto hawatasoma huku mafundi wako juu ya paa. Wapo wanaouliza mtoto wa darasa la kwanza atafikaje huko, ataamka saa ngapi, nani atampokea getini. Wote wana hoja. Ila naona mjadala huishia kwenye umbali, na swali zito zaidi halifikiwi: wakishafika kule, watakuwa na madarasa yao, au watakuwa wageni wa kusubiri wenyeji watoke?

Hoja ya kuhama ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ukarabati una mambo mengi zaidi ya nyundo na ngazi. Majengo mengi ya zamani yameezekwa kwa mabati ya asbestosi, na kuta zake zimewahi kupakwa rangi yenye madini ya risasi. Asbestosi ikiwa nzima na haijaguswa, hatari yake ni ndogo. Ikikatwa, ikitobolewa au ikivunjwa, ndipo nyuzi zake zisizoonekana kwa macho hupaa hewani na kuingia mapafuni, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20, 30 au zaidi baadaye. Kuhusu risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa hakina madhara mwilini. Mkandarasi makini atazungushia turubai na kumwagia maji, lakini vumbi hupita palipo na upenyo, na watoto wadogo hupeleka mikono mdomoni.

Kelele nazo zina gharama yake. Mwaka 1975 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli ya juu. Watoto waliosomea vyumba vya upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma wakilinganishwa na wenzao wa upande tulivu wa jengo hilohilo, na kwa baadhi ya madarasa pengo lilikaribia mwaka mzima wa masomo. Baadaye reli ikawekewa mpira na madarasa yakawekewa dari la kupunguza sauti. Walipopimwa tena, tofauti ile haikuonekana. Treni hupita ikaondoka. Mashine ya kuvunja zege inaweza kunguruma asubuhi nzima.

Na kuna nyakati ambapo uchaguzi haupo kabisa. Tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kuanza, serikali ya Uingereza iliziagiza shule zaidi ya 100 zifunge majengo au sehemu za majengo zilizojengwa kwa aina ya zege nyepesi iliyobainika kuwa inaweza kuporomoka ghafla. Baadhi ya wanafunzi walipelekwa shule nyingine, wengine madarasa ya muda, wengine wakasomea nyumbani kwa intaneti. Hapo hakuna mzazi atakayesema bora wangebaki.

Kwa hiyo kuhama kwenyewe sikupingi. Ninachopinga ni kuhama kwa mtindo wa kubanana, shule mbili ndani ya madarasa ya shule moja. Baada ya tetemeko la ardhi la Februari 2011 huko Christchurch, New Zealand, baadhi ya shule zililazimika kufanya hivyo. Wanafunzi wa Avonside Girls' walihamia Burnside High, wenyeji wakasoma asubuhi na wageni mchana. Kwa mji uliobomoka lilikuwa jambo la busara, nalo liliokoa mwaka wa masomo. Lakini ukarabati hauji ghafla kama tetemeko. Unapangwa na kutengewa fedha. Mtoto anayeanza kipindi cha kwanza mchana, amechoka na jua limeshapanda, analipa gharama ambayo mpango mzuri ungeiepusha.

Niliwahi kumtazama mwalimu wa shule iliyohamishwa akivuka uwanja wa wenyeji wake. Mkononi alikuwa na boksi la chaki, dasta, daftari la mahudhurio na rundo la madaftari ya kusahihisha, kwa sababu hakupewa hata kabati moja. Ndani ya darasa, ukutani palikuwa na michoro ya watoto wengine na karatasi iliyoandikwa "Usiguse". Kwenye dawati la mbele mtoto alikuta kifutio cha mwenye dawati wa asubuhi, akakitumia, akakirudisha. Kesho yake darasa zima la wageni liliitwa na kuulizwa nani mwizi. Sijasahau jinsi walivyokaa siku hiyo, mikono juu ya mapaja, hakuna aliyeegemea kiti.

Wenyeji nao tuwaonee huruma. Mara nyingi wazazi wao hawakuitwa kwenye kikao chochote, wanashtukia tu maktaba imegeuzwa darasa, foleni ya choo imeongezeka mara mbili, na vipindi vya maabara vimepunguzwa. Chuki ndogondogo kati ya watoto huanzia hapo, na kosa si la watoto.

Njia ya kati inayopendekezwa na wengi ni kukarabati kwa awamu, au wakati wa likizo. Inafaa kwa rangi, madirisha, sakafu na madawati. Kwa paa, mfumo wa umeme au mabomba ya majitaka sioni kama inafaa: likizo ni fupi, na awamu hurefusha kazi, kwani mkandarasi anahamahama badala ya kushika jengo zima na kumaliza. Watoto wakabaki na vumbi la miezi mingi badala ya michache.

Usafiri ni muhimu lakini haunisumbui sana, maana unatatulika: basi liondoke kwenye geti la shule yao ya zamani, na mwalimu awemo ndani. Linalonipa wasiwasi zaidi ni mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye shuleni kwao alishazoea njia yake, na kule anakuta ngazi tatu mlangoni. Hilo likaguliwe kabla ya siku ya kuhama.

Katika kikao cha wazazi mimi ningeanza na funguo. Ni vyumba vingapi ambavyo walimu wetu watakuwa na funguo zake wenyewe, asubuhi hadi jioni? Kama jibu ni hakuna, ningeomba madarasa ya muda yajengwe kwenye uwanja wa wenyeji kabla mtoto yeyote hajahama. Kisha ningeuliza tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi na kubandikwa getini, maana nimeona "muhula mmoja" ukiwa mitatu, na watoto wa darasa la mwisho wakamaliza shule bila kuingia tena katika jengo lililokarabatiwa kwa ajili yao.